Nyumba Bila Ardhi

Mtu anapozeeka huhitaji mambo mawili makubwa: mahali pa kulaza ubavu na watu wa kumjulia hali. Ujanani mambo haya hayamsumbui sana. Kijana hulala popote usiku unapomkutia, na marafiki huwapata njiani kama miguu yake ipatavyo vumbi. Lakini miaka inapoupinda mgongo, safari hufupika, macho hupungua nuru, na dunia yote huwa ni nafasi ndogo iliyo kati ya kitanda, kisima, msikiti na baraza la jirani. Hapo ndipo nyumba inapopata maana yake kamili. Katika insha hii nataka kueleza habari za nyumba za namna mbili, moja ya mbali na moja ya kwetu Kwale, ambazo zinafanana kwa jambo moja: mwenyewe ana kuta na paa, lakini hana ardhi iliyo chini yake.

Nianze na ile ya mbali. Katika nchi ya Marekani iko nyumba isiyojengwa mahali itakapokaa. Huundwa kiwandani, kama gari liundwavyo, juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu. Mafundi huitia sakafu, kuta, madirisha, jiko na mabomba ya maji. Kisha huvutwa kwa lori barabarani mpaka kiwanjani. Ikiwa ni nyumba pana, huletwa vipande viwili vikaunganishwa papo hapo. Huwekwa juu ya nguzo fupi na kufungwa kwa mikanda ya chuma iliyotiwa nanga ardhini, ili upepo usije ukaichukua. Msomaji asidhani kuwa ni kibanda cha ovyo. Tangu tarehe 15 Juni 1976 nyumba hizi zote huundwa kwa kanuni moja ya serikali. Na baada ya kimbunga kilichoitwa Andrew, ambacho mwaka 1992 kilibomoa nyumba nyingi katika jimbo la Florida, kanuni za kuzikinga na upepo ziliongezwa nguvu mwaka 1994.

Kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya nyumba ya kujengwa kiwanjani, watu wenye kipato cha wastani huipenda, na miongoni mwao wazee ni wengi. Mtu akisha kustaafu huuza nyumba kubwa alimolea watoto, huiacha baridi ya kaskazini, akaenda kununua nyumba ndogo ya kiwandani katika kijiji cha wastaafu huko Florida au Arizona, ambako jua halikosekani. Vijiji hivi vina sheria zao. Sheria ya mwaka 1995 inakiruhusu kijiji kujitenga kwa ajili ya wazee, mradi katika kila nyumba 100 zenye wakazi, zisizopungua 80 ziwe na mtu wa umri wa miaka 55 au zaidi. Ndani yake mna ukumbi wa mikutano, bustani, michezo ya karata, na barabara fupi ambazo mzee huweza kuzitembea asubuhi bila hofu ya magari. Wakazi hujuana kwa majina. Mmoja asipoonekana kibarazani kwake siku nzima, mwingine humbishia hodi.

Habari hizi nilizisoma kwanza vitabuni. Baadaye nilizisikia kwa binti wa jirani yetu, ambaye kazi yake huko Florida ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Siku aliyokuja likizo alituambia jambo ambalo vitabu vilikuwa vimelitaja kwa haraka tu. Wengi katika wazee hao, alisema, wamenunua nyumba kwa akiba yao yote, lakini kila mwezi hulipa kodi ya kiwanja. Kuta ni zao, ardhi ni ya mwenye kijiji. Mwenye kijiji akipandisha kodi, mzee hana pa kukimbilia. Nyumba yake inasemekana ni ya kuhamishika. Walakini kuihamisha hugharimu maelfu ya dola, nyumba ikizeeka haistahimili tena barabara, na vijiji vingine havikubali kupokea nyumba kuukuu. Basi mzee hulipa kwa kujinyima dawa na chakula, au huiuza nyumba kwa bei ya hasara. Nyumba ina magurudumu, lakini mwenyewe amefungwa.

Nilipokuwa nikimsikiliza binti huyo, nilijikuta nikitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa hadithi aijuayo. Kwani jambo analodhani ni la Wamarekani, sisi watu wa pwani tumeishi nalo tangu zamani, tena tumelipa jina: nyumba bila ardhi.

Mji uliolizoea sana jambo hili ni Mombasa. Huko Majengo, na katika mitaa mingine mingi ya mji ule, wenye ardhi waliwakodisha watu viwanja tangu zamani za ukoloni, na wapangaji wakajenga nyumba zao wenyewe: nyumba za Kiswahili za fito na udongo, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Nyumba hiyo huweza kuuzwa, kurithiwa, au kupangishwa chumba kimoja kimoja. Lakini mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na mwenye ardhi akitaka ardhi yake, nyumba haina hoja. Sheria ya Kiingereza ilifundisha kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Desturi ya pwani haikuona hivyo. Kwetu mtu aliweza kuwa na minazi katika shamba la mtu mwingine, akaiangua na kuirithisha kwa wanawe, na hapana aliyestaajabu. Kama mnazi ulivyoweza kuwa na bwana wake na ardhi ikawa na bwana wake, ndivyo na nyumba.

Hapana shaka msomaji atauliza: ilikuwaje watu wengi hivi wakawa na kuta wasiwe na ardhi katika pwani ya babu zao? Sababu ni nyingi, lakini moja imeandikwa wazi katika vitabu vya sheria. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria iliyowataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuandikisha madai yao. Waliojua kusoma, na waliokuwa na mawakili, walijitokeza. Wanavijiji wengi wa Kimijikenda, Wadigo wakiwamo, hawakuandikisha, kwa sababu ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, na hakuna aliyefikiri kwamba kitu kilicho chini ya miguu yake kinahitaji cheti. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na serikali ikaweza kumpa imtakaye. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, hati zile hazikufutwa. Kisha hoteli zikaota Diani kama uyoga baada ya mvua, thamani ya ardhi ikapanda, na Ukunda, kilichokuwa kijiji kando ya barabara ya kwenda Lunga Lunga, kikawa mji mkubwa kuliko yote katika Kwale. Watu waliokuja kutafuta kazi walihitaji pa kulala. Wenye ardhi walihitaji kodi. Nyumba bila ardhi zikaongezeka.

Mmoja katika hao waliojenga alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Kwa Wadigo mjomba si mtu wa pembeni. Zamani mali ilirithiwa kwa upande wa mama, na hata leo mtoto humtazama mjomba wake kwa jicho amtazamalo baba. Mjomba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani kwa muda wa miaka karibu 30. Mwaka 1991 alikodi kiwanja Ukunda kwa mzee mmoja mwenye staha, akajenga nyumba ya vyumba vinne. Boriti zilikuwa za mikoko, udongo ulichimbwa pale pale uani, na paa lilikuwa la makuti yaliyoshonwa Msambweni. Makuti huoza baada ya miaka michache. Kwa hiyo mjomba akaanza kununua mabati, mawili mwezi huu, moja mwezi ujao, hata paa lote likawa la bati. Kodi ilikuwa ndogo. Mzee aliipokea kwa mkono wake na kuiandika katika daftari la shule.

Katika kiwanja kile kikubwa palikuwa na nyumba 11. Wakazi wake karibu wote walikuwa watumishi wa hoteli: dobi, mtunza bustani, askari wa zamu, mvuvi aliyeuza samaki jikoni kwa wazungu, na akina mama wawili ambao kwa miaka mingi walitandika vitanda vya wageni. Walizeeka pamoja. Hoteli zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, wale waliokuwa bado kazini walirudishwa nyumbani, na wengi wao hawakuitwa tena. Watu wa mtaani wakapaita mahali pale, kwa mzaha, kijiji cha wastaafu. Mzaha huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Walichimba kisima kimoja. Walichanga shilingi kidogo kila Ijumaa kwa ajili ya magonjwa na mazishi. Jioni walikaa katika baraza la mjomba wakisikiliza redio na kubishana, na mwenye macho mazuri aliwasomea wenziwe barua na vyeti vya hospitali. Aliyefika miaka 70 na kuanza kupokea zile shilingi 2,000 za kila mwezi, ambazo tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikiwapa wazee wa umri huo, alisindikizwa na wenzake kwenda kuzichukua, asije akaibiwa njiani.

Mjomba naye alikuwa ameweka akiba katika mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ule ulioanzishwa mwaka 1965. Fedha zake alilipwa kwa mkupuo. Alizitia zote katika nyumba: sakafu ya saruji, choo kipya, milango ya mbao ngumu. Mama yangu alimwuliza kwa nini asinunue kiwanja kwanza. Alijibu kwamba fedha zile hazitoshi kiwanja Ukunda, na kwamba kwenda kuanza upya mahali pasipo na watu ni kazi ya vijana.

Nafasi ya kununua ilikwisha kuja kabla ya hapo, ikapita. Miaka michache kabla ya kufa kwake, mwenye ardhi aliwaita wapangaji wake wote. Aliwaambia kwamba wanawe ni wengi na hawapatani, na kwamba angependa kiwanja akiuze kwao kwanza, wote pamoja, wakilipa kidogo kidogo. Wakakutana jioni tatu. Bei ilipogawanywa kwa nyumba 11 haikuwa ya kutisha. Lakini mmoja alisema, ‘Mimi ni mzee, nitalipia ardhi nitakayoilalia miaka mingapi?’ Mwingine alitumaini kwamba bei itashuka. Na wa tatu aliuliza swali ambalo lilivunja mkutano: ‘Hati itaandikwa jina la nani?’ Hapana aliyekuwa na jibu, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho jipya. Watu walioaminiana kwa kisima, kwa maradhi na kwa maiti, hawakuaminiana kwa karatasi moja.

Mwenye ardhi alifariki. Warithi waliuza kiwanja kwa mtu wa mbali, na mnunuzi akawapelekea wapangaji notisi ya maandishi. Tangu mwaka 2016 sheria ya Kenya inataka mtu anayeondolewa katika ardhi ya mtu binafsi apewe notisi isiyopungua miezi mitatu. Nao walipewa miezi mitatu. Mtu akikaa katika ardhi ya mwingine miaka 12 bila ruhusa yake, sheria yaweza kumpa haki ya kuidai. Lakini mtu aliyekaa kwa ruhusa, akalipa kodi mwezi kwa mwezi, kodi yenyewe ni ushahidi kwamba anajua ardhi si yake. Daftari lile la shule, ambalo wazee walilitunza kwa uaminifu, ndilo lililowafunga midomo. Sikuona dhuluma ya wazi katika jambo lile. Aliyeuza aliuza chake, na aliyenunua alinunua kwa fedha yake. Ubaya wa nyumba bila ardhi ni huo: yaweza kuvunjwa bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Nilikwenda kumsaidia mjomba kuezua. Tuliteremsha mabati 42, milango mitano na madirisha manane. Misumari iliyopinda mjomba aliinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja, akaitia katika kopo la maziwa. Boriti zilizokuwa nzima tulizipakia katika gari. Kuta hazikuchukulika, udongo hauhami. Sakafu ya saruji nayo ilibaki, na choo, na kisima. Akiba ya miaka yake ya kazi ilikuwa imelala pale pale chini, mahali ambapo mikono haiwezi kuiinua. Masika ya mwaka uliofuata yalipokwisha, zile kuta zilikuwa zimekuwa kichuguu.

Sasa mjomba anakaa Msambweni, katika shamba la ukoo wa mama yake. Hakika amepata alichokikosa. Ardhi ni ya ukoo, hapana atakayemletea notisi. Makaburi ya wazee wake yako chini ya mwembe. Hospitali kubwa ya kaunti haiko mbali. Mabati yake 42 yako juu ya kuta mpya za matofali, na misumari ile ile imeyashika. Lakini baraza lake halina watu. Mtunza bustani alikwenda Kinango kwa mwanawe. Akina mama wale, mmoja yuko Likoni na mwingine amerudi Ukambani. Dobi alikwenda Lunga Lunga. Mwaka jana dobi alifariki usiku, na kwa desturi ya Kiislamu alizikwa kabla ya adhuhuri. Simu ilimfikia mjomba alasiri. Nilimkuta ameketi na redio imezimwa. Aliniambia neno moja tu: ‘Mpwa wangu, angalifia Ukunda, mimi ndiye ningalimwosha.’

Neno hilo limenifundisha zaidi ya vitabu vyote nilivyovisoma juu ya makazi. Tumezoea kuhesabu vitu viwili katika nyumba: kuta, ambazo fundi huzipima, na ardhi, ambayo mpimaji huipima. Kipo kitu cha tatu ambacho hakipimwi na mtu, nacho ni majirani. Kijana aliyepoteza majirani hupata wengine kabla ya mwaka kwisha. Mzee aliyepoteza majirani hupoteza watu wanaojua alikuwa nani alipokuwa na nguvu, wanaojua dawa zake, wanaojua ni nani wa kuitwa usiku. Mabati yanahama, baraza halihami.

Kando ya bahari ya Diani wako wastaafu wa namna nyingine. Ni wageni kutoka Ujerumani, Uswisi, Uingereza na nchi nyingine za baridi, waliokuja kumalizia siku zao katika jua letu. Wengine wanakaa katika nyumba nzuri zilizo pamoja ndani ya ua mmoja, penye bustani na mlinzi mlangoni. Watu wengi hudhani kwamba wageni hao wamenunua pwani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 65, yasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kuikodi, na muda wa kuikodi usizidi miaka 99. Kwa hiyo mzee yule mgeni, pamoja na mali yake yote, naye anakaa katika nyumba juu ya ardhi ya muda. Basi amemzidi mjomba wangu kwa nini? Amemzidi kwa maandishi. Mtu mwenye umri wa miaka 65 aliyeandikiwa miaka 99 hana haja ya kuogopa kesho. Aliyekaa kwa mwezi mmoja mmoja na daftari la shule, kesho yake imo mikononi mwa mwingine. Kwa mzee, haki ya kukaa isiyotikisika kwa muda wa uhai wake yatosha, hata kama ardhi si yake milele.

Na je, iko njia ambayo watu wa kipato kidogo waweza kupata vyote vitatu, kuta, ardhi na majirani? Iko, na imekwisha jaribiwa. Huko Marekani, mwaka 1955, katika mji wa Bradenton, Florida, kilianzishwa kijiji cha nyumba za kuhamishika kiitwacho Trailer Estates, ambamo wastaafu waliweza kununua viwanja badala ya kuvikodi. Mwaka 1984, katika mji mdogo wa Meredith, jimbo la New Hampshire, wakazi wa kijiji cha nyumba za kiwandani walisikia kwamba ardhi yao inauzwa. Hawakuwa matajiri. Waliunda chama cha ushirika, wakakopa fedha, wakainunua ardhi kwa jina la chama. Tangu hapo hakuna mtu wa nje aliyeweza kuwapandishia kodi. Mfano wao ukaenea, na leo viko zaidi ya vijiji 300 katika nchi ile ambavyo ardhi yake ni mali ya wakazi wenyewe.

Wala tusiseme kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Voi, mji ulio kati ya mbuga za Tsavo, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni walichagua katika miaka ya 1990 njia inayofanana na hiyo: kila mtu awe na nyumba yake, na ardhi ishikwe na jumuiya, ili maskini asije akarubuniwa kuiuza na kurudi katika hali ile ile. Njia hii haikosi matata. Yahitaji mikutano mingi, hesabu safi, na watu wanaolipa kwa wakati. Lakini linajibu lile swali lililovunja mkutano wa Ukunda. ‘Hati itaandikwa jina la nani?’ Jibu ni: la chama, ambacho kila mmoja wetu ni mwanachama wake, na ambacho hakifi sisi tunapokufa.

Tena fikra hii haikuwa ngeni kwa babu zetu. Neno kaya maana yake ni makazi. Kaya Kinondo, iliyo kusini kidogo ya Diani, ilikuwa makazi ya Wadigo ndani ya msitu. Watu wamekwisha kuhama, lakini wazee bado wanautunza msitu ule, na mwaka 2008 kaya za Mijikenda ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pwani yote imepimwa, ikauzwa na kuuzwa tena, na kaya ile ingali ipo. Imesalia kwa sababu hapana mtu mmoja aliyeweza kusema ni yangu peke yangu.

Wanafunzi wapenzi, ninyi hamjafikia umri wa kujenga, achilia mbali umri wa kustaafu. Nami bado sijafika miaka 40, na sheria ya kazi yangu inasema nitastaafu nikiwa na miaka 60. Nina wasaa kidogo. Lakini wazee wenu wamekwisha kufika. Katiba hiyo hiyo ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Haki hiyo huanzia chini ya nyumba zao. Basi mwanafunzi anayejua kusoma na aulize nyumbani maswali matatu kwa adabu: ardhi hii ni ya nani, maandishi yako wapi, na majirani zetu wana hali gani kama yetu? Ikiwa ardhi ni ya mtu mwingine, yafaa patafutwe mkataba wa maandishi wenye muda mrefu, wala si daftari. Ikiwa mwenye ardhi anataka kuuza, na akumbushwe waliopo. Nao waliopo waunde chama mapema, kabla ya siku ya mkutano, maana imani haichimbwi kwa jioni tatu. Na ikiwa ardhi ni yenu, ofisi ya ardhi iliyopo Kwale itawaonyesha, kwa ada ndogo, kama hati inasema hivyo kweli.

Waswahili husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi naongeza kwamba baada ya kuingia ndani mtu na atazame chini, aone anakanyaga cha nani. Kisha atoke nje atazame kando, aone anakaa na nani. Akiwa na majibu mema kwa yote mawili, hata kama kuta zake ni za fito na udongo, uzee wake una mahali pa kukaa.